Yakuti, jiwe la Julai, na mawe yanayojificha nyuma ya jina lake

Mdogo wangu alizaliwa Julai. Mwaka aliotimiza miaka thelathini akataka pete yenye "jiwe la mwezi wake", nami nikamsindikiza kwa sonara mmoja mjini Arusha, kwenye duka jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri nje. Mzee mwenye duka akatandaza karatasi nyeupe juu ya kaunta, akafungua vijikaratasi vinne vilivyokunjwa, akapanga mawe manne mekundu.

"Haya, mwanangu, jiwe lako ni lipi hapo?"

Kwa macho yetu, mawe yote manne yalikuwa rubi, yaani yakuti nyekundu. Mzee akacheka. La kwanza lilikuwa garneti, jiwe jingine jekundu. La pili, spineli kutoka Mahenge, jiwe jingine linalofanana na rubi. La tatu, rubi iliyotengenezwa kiwandani. La nne lilichimbwa ardhini na lilikuwa rubi kweli, ila nyufa zake zilikuwa zimejazwa kioo. Tulitoka siku ile bila pete, nikabaki na swali la mzee kichwani kwa wiki kadhaa. Kila nilipovuta uzi mmoja, mwingine ulikuja nao.

Mwezi ndio uzi mwepesi kuliko yote, kwa hiyo nianze nao. Matangazo ya vito hupenda kusema kwamba tangu enzi na enzi aliyezaliwa Julai huvaa rubi. Ukweli ni kwamba orodha inayotumika leo ilipitishwa mwaka 1912 huko Kansas City, Marekani, na chama cha wauza vito vya rejareja. Walikuwa na sababu ya kibiashara iliyo wazi kabisa: kila duka lilikuwa na orodha yake, mteja akichanganyikiwa hanunui. Wakaketi, wakakubaliana jiwe gani liuzwe mwezi gani, wakaenda zao.

Si kwamba walibuni kila kitu. Kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ilikuwa imeshachapisha mashairi mafupi ya mawe ya miezi mwaka 1870, na humo rubi ilikuwa tayari imepewa Julai. Nyuma zaidi yapo mawe kumi na mawili ya kifuko cha kifuani cha kuhani Haruni, katika kitabu cha Kutoka sura ya 28, ambayo mwanahistoria Josephus wa karne ya 1 aliyahusisha na miezi kumi na miwili au na makundi kumi na mawili ya nyota. Ila mawe yale yalikuwa ya makabila ya Israeli. Hakuna aliyekuwa akivaa moja kwa sababu ya siku ya kuzaliwa. Mtindo huo wa jiwe moja kwa mtu mmoja ulishika Ulaya karne nyingi baadaye.

Na orodha ya wafanyabiashara hurekebishwa na wafanyabiashara. Mwaka 2002 waliongeza tanzanaiti kwenye Desemba, jiwe la Mirerani ambalo hakuna mtu wa kale aliyewahi kuliona, kwa kuwa lilijulikana mwaka 1967. Mwaka 2016 wakaongeza spineli kwenye Agosti. Kwa hiyo lile jiwe la pili juu ya karatasi ya mzee, kwa sheria za orodha, si la mdogo wangu hata kidogo. Ni la aliyezaliwa mwezi unaofuata.

India, ambako heshima ya jiwe hili ni ya zamani kweli, hawajali Julai. Huko rubi huitwa manikya, na katika pete ya mawe tisa ya sayari hukaa katikati likiwakilisha Jua. Nani avae na nani asivae huamuliwa kwa kusoma nyota za saa aliyozaliwa, siyo kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Hata kwetu Pwani, anayepigiwa nyota huulizwa jina lake na la mama yake, herufi zikageuzwa tarakimu. Ukimwambia mnajimu wa namna hiyo kwamba nyota yako ni Julai, atakuuliza tena jina la mama.

Uzi wa pili ni jina, na hapa Kiswahili kina la kujivunia. Neno yakuti tumelipata kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa njia ndefu kutoka neno la Kigiriki, hyakinthos. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelipita neno hilo mara tatu ndani ya aya mbili bila kujua: katika Ufunuo sura ya 21, misingi ya ukuta wa mji imetajwa pamoja na "yakuti samawi", "yakuti ya manjano", na mbele kidogo "hiakintho". Yakuti na hiakintho ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja kaja kwa jahazi, mwingine kwa mkono wa mtafsiri.

Kwa wataalamu wa Kiarabu, yakuti halikuwa jina la rangi. Lilikuwa jina la jiwe, kisha ukaongeza rangi: nyekundu, samawi, njano, nyeupe. Kwa muda mrefu hii ilionekana kama uzembe, kwamba watu wa kale walichanganya rubi na safaya, lile jiwe la samawati. Kumbe walikuwa sahihi. Rubi na safaya ni madini yaleyale, korundamu, yaani atomu mbili za alumini kwa tatu za oksijeni. Ikiwa safi haina rangi kabisa. Ikiingiwa na chuma na titani kidogo, ni ya samawati. Ikiingiwa na kromi, kama sehemu moja katika mia au pungufu, ni nyekundu, na hiyo ndiyo rubi. Kiingereza kina majina mawili kwa kitu kimoja. Kiswahili kilikuwa na moja lenye rangi mbili, na wanakemia walipokuja wakakuta neno limeshawatangulia.

(Tusijisifu kupita kiasi lakini. Mithali 31:10 kwa Kiingereza cha mwaka 1611 inamsifu mke mwema kwamba thamani yake inapita rubi. Kwa Kiswahili, kima chake "chapita kima cha marijani". Neno la Kiebrania lililo hapo, peninim, wasomi wanavutana kama ni marijani au lulu. Rubi haina nafasi kubwa katika mashindano hayo, ingawa tangazo la pete litakunukulia aya hiyo bila wasiwasi. Anayetaka yakuti ya kwenye maandiko aende kwenye Surat Ar-Rahman, ambako yakuti na marijani vimetajwa bega kwa bega.)

Jiwe moja lenye rangi nyingi, basi, ni nusu ya mkanganyiko. Nusu ya pili ni kinyume chake: rangi moja, mawe mengi. Warumi waliita karibu kila jiwe jekundu linalong'aa carbunculus, kijikaa cha moto, garneti humohumo. Spineli ndiyo iliyosumbua zaidi, kwa kuwa nayo hupata wekundu wake kutoka kromi, huweza kutoka kwenye miamba ileile ya marumaru, na ikikatwa vizuri hata dalali mzoefu huomba lenzi. Tofauti ni kwamba ndani yake magnesi imejiunga na alumini. Ni laini kidogo, daraja la 8 kwenye kipimo cha ugumu ambacho rubi ina 9 na almasi 10. Pia ni nyepesi.

Uzito huo ndio uliomwezesha mwanazuoni al-Biruni, karne ya 11, kuyatenga. Alipima mawe hewani na majini kwa mizani yake, akaona kwamba jiwe jekundu la Badakhshan, milimani Asia ya Kati, liitwalo laal, ni jepesi kuliko yakuti ya ujazo uleule. Ulaya ilisubiri hadi mwaka 1783, Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alipoandika kwamba spineli ni kitu kingine.

Katikati ya hapo, aibu ikajikusanya. Mbele kabisa ya taji la kifalme la Uingereza pana jiwe jekundu la kukaribia ukubwa wa yai dogo la kuku, linaitwa Rubi ya Mwanamfalme Mweusi. Mwanamfalme Edward alilipata mwaka 1367 kutoka kwa Pedro wa Castile kama malipo ya msaada wa vita. Ni spineli. Katika hazina hiyohiyo ipo Rubi ya Timur, yenye majina ya watawala yaliyochongwa kwa maandishi ya Kiajemi. Nayo ni spineli. Watawala wa Mughal wa India wenyewe hawakudanganyika. Waliyajua mawe hayo kwa jina la laal na waliyapenda hivyohivyo. Yaliitwa rubi yalipobadilisha mikono.

Hili la moto ndani ya jiwe halikuwa mawazo matupu. Kromi humeza mwanga wa kijani na wa zambarau na kuuacha mwekundu upite. Kisha hufanya jambo la ajabu: sehemu ya mwanga iliyomeza huutema upya ukiwa mwekundu. Jua lina miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho lakini inayouamsha mwanga huo, kwa hiyo rubi nzuri ikitolewa nje mchana hung'aa mwanga wake mwenyewe juu ya rangi yake. Mzee wa Arusha alituonyesha bila maabara yoyote. Alifunga pazia, akatoa kile kitaa cha rangi ya zambarau ambacho maduka hukagulia noti bandia, akamulika karatasi. Garneti ikabaki nyeusi kama mbegu ya ubuyu. Rubi ya kiwandani ikawaka kama kaa lililopulizwa. Spineli nayo ikawaka. Ile ya machimboni ilitoa mng'ao hafifu, kwa sababu ina chuma, na chuma huuzima mwanga huo.

Sasa ukimsoma mtu wa kale anayesema yakuti huangaza gizani, humulika kupitia kitambaa, au huchemsha maji ikitumbukizwa, unaona alianzia wapi kabla hajatia chumvi. Rubi za Mogok, Burma, zilizopikwa ndani ya marumaru isiyo na chuma, ndizo zinazowaka kuliko zote, na wekundu wake huitwa damu ya njiwa. Husimuliwa kwamba mashujaa wa huko walichanja ngozi na kuzipachika rubi ndani ya nyama ili mkuki usiwapate. Ulaya iliamini rubi hufifia hatari ikikaribia. Daktari Mjerumani Wolfgang Gabelchover aliandika kwamba Desemba 1600, akiwa safarini na mkewe kutoka Stuttgart, rubi ya pete yake ilipoteza rangi. Mkewe akaugua akafa, rangi ikarudi. Sina la kumjibu daktari huyo, ila nimeona jinsi rubi inavyobadilika ukitoka juani kuingia chumba chenye mshumaa.

Kwa nini rubi ni adimu wakati alumini imejaa kila mahali? Kwa sababu silika nayo imejaa kila mahali. Alumini ikikutana na silika huungana nayo kutengeneza madini mengine ya kawaida, ulanga ukiwemo. Ili korundamu izaliwe, lazima pawe na joto na mgandamizo mkubwa mahali ambapo silika haipo au imefukuzwa. Kisha kromi, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye miamba ya aina nyingine kabisa, ipatikane hapohapo, na chuma kisizidi. Ni kama kupanga harusi ambayo kila mgeni anatoka wilaya tofauti na hakuna barabara.

Afrika Mashariki harusi hiyo ilifanyika miaka milioni 600 hivi iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kukunja miamba kuanzia Msumbiji kwenda kaskazini. Wanajiolojia huuita Mkanda wa Msumbiji. Ndani yake zimo Mangare karibu na Tsavo nchini Kenya, Mahenge na Matombo mkoani Morogoro, Mundarara wilayani Longido, na Winza wilayani Mpwapwa, ambako mwishoni mwa 2007 watu walimiminika baada ya kuonekana mawe safi yasiyohitaji hata kupashwa moto. Mwaka 2009 ikafuata Montepuez, Cabo Delgado, ambayo imeigeuza Msumbiji kuwa jina la kwanza midomoni mwa wanunuzi. Juni 2023 jiwe la huko, Estrela de Fura, lenye karati 55.22, liliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 34.8. Karati ni gramu 0.2. Fanya hesabu: jiwe lile lina uzito wa gramu 11, chini ya kijiko kikubwa cha sukari kilichojaa.

Nimetaja uzito kwa makusudi, kwa sababu ya kisa kinachopaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya dalali. Mwaka 2009 kampuni moja ya ujenzi ya Shropshire, Uingereza, ilianguka kwa madeni. Wafilisi wakafungua vitabu na kukuta mali yake kubwa ni jiwe liitwalo Johari ya Tanzania, rubi ya kilo 2 na ushei, thamani pauni milioni 11. Wakalitafuta, wakalipata, wakalipeleka sokoni. Likauzwa pauni 8,010.

Hakuna aliyelibadilisha njiani. Lilikuwa ni lile jiwe la aina ya Longido: rubi ya zambarau isiyopitisha mwanga, imelala ndani ya madini ya kijani yaitwayo zoisaiti, yenye madoa meusi. Wauzaji huliita anyolaiti, kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Ni rubi kweli, kemia haina ubishi. Ila bei ya rubi haipimwi kwa kilo. Jiwe linalopitisha mwanga, safi, lenye wekundu uliokolea, hupanda bei kwa kila karati kadiri linavyokuwa kubwa. Jiwe la giza hupimwa kama jiwe la kuchonga vinyago. Ukizidisha uzito wa la pili kwa bei ya la kwanza, unapata milioni 11 za kwenye karatasi. Aprili 2022 lilizinduliwa Dubai jiwe lingine ghafi la kilo 2.8, lililosemwa kutoka Tanzania, wenyewe wakitaja dola milioni 120, na mitandaoni kwetu watu wakalia kwamba tumeibiwa. Niliwaza Shropshire.

Rubi ya tatu juu ya karatasi, ile ya kiwandani, mdogo wangu aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja kama kitu kilichooza. Nadhani aliionea. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kunyunyiza unga wa oksidi ya alumini wenye kromi kidogo kupitia mwali wa moto wa nyuzi zaidi ya 2,000, ukayeyuka na kudondoka tone juu ya tone hadi kijiti cha rubi kikasimama. Kazi ya saa chache. Ni rubi kwa kila kipimo isipokuwa kuzaliwa ardhini, na hujulikana kwa lenzi ya mara kumi: ndani yake kuna mistari iliyopinda kama mifereji ya santuri, wakati mistari ya rubi ya ardhini imenyooka na kukutana kwa pembe.

Na huenda umewahi kuivaa. Saa za zamani za kujaza ufunguo, na zile za kujijaza zenyewe ambazo babu zetu walizitunza kama ng'ombe, zimeandikwa usoni "17 Jewels" au "21 Jewels". Hivyo ni vito kweli, vitobo vya rubi ya kiwandani ambamo ncha za magurudumu huzunguka bila kuisha kwa msuguano. Mbinu ya kutoboa rubi kwa ajili ya saa ilipewa hataza London mwaka 1704, enzi hizo zikitumika rubi za machimboni. Kisha tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, mwanafizikia Theodore Maiman alikizungushia kijiti cha rubi ya kutengenezwa taa iliyojipinda kama springi na kupata miali ya kwanza ya leza duniani. Ni ule mwanga mwekundu ambao kromi huutema, safari hii ukitemwa kwa pamoja.

Ninaloliogopa ni lile jiwe la nne. Rubi nyingi sokoni zimepashwa moto ili kuondoa uzambarau na ukungu, desturi ya zamani isiyo na ubaya iwapo muuzaji anasema. Kujaza kioo ni jambo jingine. Huchukuliwa jiwe ghafi lililopasukapasuka, la bei ya kokoto, husafishwa kwa asidi, kisha hupikwa na kioo chenye madini ya risasi ambacho huingia kwenye kila ufa na kuufanya usionekane. Mawe ya namna hii yalianza kufurika mwaka 2004 na kuendelea. Mengine yana kioo kingi kiasi kwamba ukikitoa jiwe linabomoka. Mzee alitupa lenzi, akaligeuza taratibu chini ya taa. Tukaona viputo vya hewa vilivyonaswa, na kwenye ufa mmoja mmweko wa buluu uliokuja na kupotea.

"Hili," akasema, "fundi akiligusa na moto wa kulehemu limekwisha. Na wewe mwenyewe, binti, ukikamua ndimu jikoni umelivaa, kioo kinaanza kuliwa. Nakuuzia leo, keshokutwa unakuja na mchubuko unaniita mwizi."

Tuliporudi wiki ya tatu alikuwa na kijikaratasi cha tano. Kipande cha Longido kilichosuguliwa mviringo, kijani kibichi, katikati kidoti cha rubi cha ukubwa wa punje ya mtama, bei ambayo mimi mwenyewe ningeweza kuilipa bila kuaga familia. Mdogo wangu akauliza kama hilo linahesabika kuwa la Julai. Mzee akamwambia kidoti ni cha Julai, hicho kijani ni nyongeza. Pete ilifungwa kwa fedha, na anaivaa hadi leo, ndimu na yote.